Siku Malkia Alipolewa Mbele ya Baba Mkwe

Nacheka sasa kwa sababu majirani wa hapa Tinde mmeshanicheka mpaka mmechoka, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke, na hadi leo mtu akitaja hamira mbele yangu nageuza mazungumzo.

Mnajua nilikuwa mnywaji. Nilipoacha, baba mkwe (mzee wa Kharumwa, ana ng'ombe wengi, maneno machache) akasema atakuja Jumamosi asubuhi ajionee mwenyewe, na akiridhika ataniwekea mitamba wawili niwatunze na maziwa nitumie, kama sisi Wasukuma tunavyowekeana. Mimi nina ng'ombe mmoja tu wa kisasa, Malkia, kwa hiyo mitamba wale niliwaota hata mchana.

Sasa, bwana mifugo alikuwa amenipa pakiti ya chachu hai, hamira ya mifugo, vijidudu vya kulisaidia tumbo la ng'ombe kusaga chakula vizuri ili maziwa yaongezeke, akanisisitizia, "Kijiko kimoja kwenye pumba, Baba Kulwa, umpe hapo hapo. Usiulaze mchanganyiko huo." Kijiko kimoja, kwa tumbo lile? Nikamwaga pakiti nzima kwenye ndoo, nikatia pumba, molasi na maji ya uvuguvugu, nikafunika, nikaulaza siku mbili juani (nilijiambia kitu kikichacha ndipo kinapata nguvu, na kwenye mambo ya kuchacha nina uzoefu).

Jumamosi nikafunua, povu likanipokea. Nikaonja kidogo kuhakikisha hakijaharibika, nikaonja tena maana mara ya kwanza sikuhakikisha vizuri, ndipo nikampa Malkia, akakomba mpaka akalamba ukingo wa ndoo.

Baba mkwe akafika.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia Kisukuma, nikimkaribia kwa adabu zote.

Akaitikia, halafu pua yake ikacheza. Mke wangu akaniangalia kwa macho ambayo sijayasahau. Nikawahi kumpeleka mzee bandani akaone maziwa yanavyotiririka, nikamkuta Malkia ameegemea nguzo kama mtu anayesubiri chenji yake baa. Nilipochuchumaa kukamua akarudi nyuma hatua mbili, akaikalia ndoo ya maziwa ikabonyea, akambeulia mzee usoni.

Majirani wakajaa kwenye ua. Nami, kwa akili zangu zote, nikasema, "Baba, aliyelewa ni ng'ombe, si mimi."

Mzee akaokota ile ndoo ya pumba, akanusa.

"Umeonja?"

"Kidogo, baba. Kupima tu."

"Walevi nimewaona wengi," akasema taratibu. "Wa kunywa na ng'ombe wake ndiwe wa kwanza."

Niliumia, sifichi, maana kuacha pombe nilikuwa nimeacha kweli. Bwana mifugo akaja kumtibu Malkia, akanigombeza kama mtoto, na siku mbili hatukupata hata maziwa ya chai.

Mitamba walikuja, ila mzee alimwekea binti yake. Mama Kulwa ndiye anayepima chachu sasa, kijiko kimoja, anampa Malkia hapo hapo, na maziwa yameongezeka kweli. Mimi nakata majani, na nimeapa sionji tena chakula cha mnyama. Lakini kila asubuhi, kabla hajanikabidhi ndoo ya kukamulia, Mama Kulwa ananisimamisha mlangoni mwa banda na kuniambia, "Pumua kwanza."

Napumua.