Vioo Vitano Kwenye Ufa

Hofu ilimkuta Mama Vituko saa nne asubuhi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anacheka peke yake.

Alikuwa amemaliza ngazi. Ngazi za jengo lile zilikuwa zake kwa miaka tisa, vidato sitini na nane kutoka mlango wa mbele mpaka ghorofa ya tatu, na kila asubuhi alizipiga deki kuanzia juu kushuka chini. Anayeanzia chini, alikuwa akisema, anapiga deki nyayo zake mwenyewe. Akishamaliza hujibanza kwenye kijichumba cha mifagio karibu na mlango, anapindua ndoo, anaivalia simu miwani.

Kwenye simu kulikuwa na kundi liitwalo Macho Hayana Pazia. Watu mia mbili wasiojuana hata kwa sura, na kila mmoja analeta alichokutana nacho njiani: kiatu kimoja kinaning'inia kwenye waya wa umeme, gari limefungwa mlango wa kabati, sanamu ya dukani imevishwa koti na tai lakini suruali hakuna, mbuzi amelala juu ya teksi kama aliyelipa nauli. Masharti yalikuwa mawili tu, usipige sura ya mtu na usitukane. Humo ndimo alimopewa jina la Mama Vituko, kwa kuwa hapiti siku mbili mikono mitupu, na jina likamfuata mpaka kazini. Binti yake, fundi cherehani aliyepanga chumba ghorofa ya pili ya jengo hilohilo, hakulipenda hata kidogo.

Jumanne alikuwa ameleta picha ya ukuta. Ukuta wa ngazi za kupandia ghorofa ya pili ulikuwa na ufa wa siku nyingi, umeshuka kando ya vidato kama mshipa wa mkono wa mzee. Juu ya ufa huo, usiku au mchana, hakujua, mtu alikuwa amebandika vipande vitano vya kioo, vyembamba, kila kimoja kimegandishwa kwa jasi huku na huku, na pembeni pameandikwa tarehe kwa kalamu ya risasi. Mama Vituko akapiga, akaandika: "Ukuta wetu umevunjika mguu. Daktari kaufunga plasta tano."

Kundi lilikuwa limecheka kutwa. Mmoja aliuliza kama ukuta umeshapata chakula. Mwingine aliandika kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini huyu naona kaamua kuupamba. Mwingine akasema huo sio ugonjwa, ukuta umevaa bangili.

Sasa Alhamisi hiyo Mama Vituko alikuwa amevitoa. Ukweli usemwe, hakuna aliyemwambia asivitoe. Mtu wa usafi ana maradhi yake: akiona kitu kimebandikwa ukutani kwake, vidole vinamwasha. Alichukua kikwangulio, akakwangua jasi yote, akaosha, akafuta mpaka tarehe, akapiga picha nyingine na kuituma: "Mgonjwa amepona."

Majibu yalikuwa yakimiminika na ndiyo aliyokuwa akiyacheka. "Hongera, ametoka wodini!" "Mpeni uji!" Kisha ikaingia sauti asiyoizoea. Kulikuwa na mwanachama aliyejiandika Fundi Mkimya, mwaka wa tatu humo, hajawahi kuandika neno. Leo aliandika.

"Dada, hivyo vioo ulipovitoa vilikuwa vizima au vimepasuka?"

Mama Vituko akajibu kwa mzaha: "Vingine vizima, vingine vimekata roho. Kimoja kimenikata kidole, mpaka sasa kinatoka damu."

"Vingapi vimepasuka?"

Akafikiri. Asubuhi, alipoviona vimepasuka, alikuwa amewalaani watoto wa wateja wa maduka ya chini kwa kuvipiga mateke. "Vitatu."

"Nimeitazama picha ya Jumanne. Vyote vitano vizima. Dada, nisikilize. Mimi ni mwashi. Kioo hakinyumbuliki. Kinabandikwa kwenye ufa ili ukuta ukisogea, hata unene wa ukucha, kipasuke, mtu ajue. Huo ukuta umetembea ndani ya siku mbili. Toa watu. Sasa hivi."

Chini yake mtu akaandika, "Fundi leo kaamka na pombe ya jana." Mwingine akaandika kwamba ukuta umetembea kwenda kuchumbia. Alama za kucheka zikajipanga, zile za machozi. Mama Vituko alizitazama na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hazikumchekesha.

Akatoka, akapanda mpaka penye ufa. Asubuhi alikuwa ameufuta kwa tambara bila kuuangalia, kama mtu anavyomwosha mtoto uso. Sasa aliuangalia. Akachukua ncha ya kikwangulio, akaisogeza, ikaingia. Ikazama mpaka karibu na mpini. Juu ya kichwa chake, ghorofa ya tatu, wapagazi walikuwa wakiburuta maboksi ya karatasi. Mwenye kiwanda cha kuchapa alihamia huko mwezi uliopita, na tangu hapo karatasi zilipanda kila siku, boksi juu ya boksi, na hakuna aliyeona zikishuka. Boksi moja lilitupwa sakafuni, puu. Unga mweupe ukamdondokea mkononi kutoka ndani ya ufa.

Alishuka ameshika ukuta, kisha akakumbuka ni ukuta gani anaoushika, akauachia.

Mlangoni, kwenye meza yake, alikaa msimamizi wa jengo, mtu anayeitwa Mzee wa Funguo kwa mzigo wa funguo unaomwinamisha kiuno upande mmoja.

"Mzee, vile vioo vya kwenye ufa aliviweka nani?"

"Injinia. Alikuja Jumatatu. Anarudi kesho jioni kuviangalia." Kisha akainua uso. "Kwa nini?"

"Nimevitoa."

"Umefanya nini?" Mzee wa Funguo alisimama, funguo zote zikalia. "Alisema visiguswe na mtu yeyote! Nitamwambia nini mimi? Kazi huna tena, mama. Huna!"

"Uliniambia visiguswe?"

Mzee alizishika funguo zisilie. Alikuwa amewaambia wenye maduka, amemwambia mwenye karatasi, hata mlinzi wa lango alimwambia. Anayeushika ukuta ule kila siku kwa mkono wake ndiye hakuambiwa, maana nani anakaa chini kuzungumza mambo ya injinia na mwenye ufagio? Dunia ndivyo ilivyo, na siku ikigeuka wa kwanza kulaumiwa ni huyo huyo mwenye ufagio.

"Vitatu vilikuwa vimepasuka, mzee. Tuwatoe watu."

"Tukae kimya mpaka kesho," alisema Mzee wa Funguo, sauti imeshuka. "Injinia akija tutasema vimeanguka vyenyewe. Nitakutetea. Ukipiga kelele leo, mimi na wewe wote tuko barabarani."

Lazima isemwe kwamba Mama Vituko alilipima neno hilo. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na kazi nyingine isingemjia kwa miguu yake. Alisimama pale mlangoni, hewa safi iko nyuma yake, hatua mbili tu yuko nje. Angeweza kutoka akaenda zake. Lakini ghorofa ya pili, nyuma ya ukuta ule ule, binti yake alikuwa amekaa kwenye cherehani yake pamoja na wanafunzi wanane wa ushonaji, na njia ya kuwafikia ilikuwa moja.

Akapanda. Aliogopa, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, kila kidato alikigusa kwanza kwa ncha ya kidole cha mguu kama maji ya moto. Alijua vidato hivyo kwa goti na kwa mgongo, anajua kilichomeguka na kinachoteleza, na leo vyote vilikuwa vigeni kwake. Alipofika penye ufa alifumba macho, akapita amejibana upande wa pili, anasema moyoni usianguke, usianguke, ngoja nishuke naye.

Chumbani cherehani zilikuwa zikiunguruma. Kwenye sanamu ya mbao limesimama gauni jeupe la bibi harusi, nusu limepigwa pini. Binti hakuinua macho.

"Mama, leo hapana. Kama ni mbuzi, hatutaki kumwona."

Wanafunzi wakacheka. Mwezi uliopita Mama Vituko aliwaita wote dirishani kuangalia baiskeli iliyobeba kitanda na mtu amelala juu yake, na aliyekuwa akipiga pasi akaunguza blauzi ya mteja. Binti alilipa blauzi, na hakusahau.

"Tokeni nje. Wote. Acheni kila kitu."

"Mama, umeshaniaibisha vya kutosha kwa watu."

"Ukuta wa ngazi unasogea."

"Nani kasema? Watu wako wa kwenye simu?"

Walikuwa ndio hao hao. Alionyesha simu, binti hakuitazama. Alionyesha kidole chenye damu, binti akasema afunge kitambaa. Juu ya dari boksi jingine likatua, puu, na vikombe vya pini vikatetemeka mezani. Mama akahisi machozi yanamjia kwa hofu tu.

"Nimekosea, mwanangu," alisema. "Injinia aliweka alama, mimi nikazing'oa. Ni mimi. Nisamehe, lakini tokeni."

Binti akasimamisha cherehani. Katika miaka thelathini na moja ya kuwa mtoto wa mwanamke huyu alikuwa hajawahi kumsikia akisema nimekosea. Sufuria ikiungua, moto ndio mkorofi. Akisahau siku, kalenda ndiyo mbovu. Binti alimtazama usoni, kisha akainuka.

"Vueni viatu, tusizitikise ngazi," aliwaambia wanafunzi. "Mmoja mmoja. Msikimbie."

Mama Vituko akapiga kelele kuwaita wapagazi wa juu, wakachungulia, wakaona wanawake tisa wanashuka pekupeku kimya kimya wakiwa wameegemea upande mmoja wa ngazi. Kitu hicho kiliwaogopesha kuliko maneno. Nao wakashuka. Mwenye duka la vyombo alitoka kuuliza kuna nini, akabebwa na msafara. Wa fotokopi akatoka na chenji ya mteja mkononi.

Nje kulikuwa na jua kali na watu wanaopita. Jengo lilikuwa limesimama kama jana. Dakika kumi zikapita, halijatikisika. Mwenye duka la vyombo akaanza kunung'unika kwamba wateja wake wanaondoka. Kijana mmoja mpita njia alikuwa akiwarekodi, kundi la watu wamekodolea ukuta macho, anacheka. Mama Vituko akaingiwa na hofu ya pili, mbaya karibu kama ile ya kwanza, kwamba amekosea tena. Alitaka jengo lisimame, na alitaka asionekane mwendawazimu, na hakujua aombe lipi.

Mzee wa Funguo alikuwa pembeni anaongea na injinia kwa simu, mkono kiunoni, anamshtaki. Ghafla mkono ukashuka. Akaja, akamnyooshea simu bila kumtazama.

"Ni wewe uliyetoa vioo?" sauti ilisema.

"Ni mimi, baba. Naomba unisamehe."

"Utasamehewa baadaye. Una hakika vilikuwa vitatu?"

"Vitatu. Na picha ya Jumanne ninayo, vyote vitano vizima."

"Watu wako wapi?"

"Nje."

"Wote?"

Akageuka kuhesabu. Wanafunzi wanane. Wapagazi wanne. Wa vyombo, wa fotokopi, Mzee. Binti yake hakumwona. Kisha akamwona, amefika mlangoni, viatu mkononi, mguu mmoja umeshavuka kizingiti.

"Nalichukua gauni tu!" binti alisema. "Harusi ni Jumamosi, mama, sekunde moja!"

Mama Vituko hakujua alivyofika. Simu ya Mzee ilianguka huko nyuma. Alidaka sketi ya binti kwa mikono miwili, akavuta kwa uzito wake wote, mpaka mshono ukatatuka kiunoni mbele za watu, na binti akapiga kelele, "Mama! Unanivua nguo!" na yule kijana akasogea na kamera yake karibu zaidi. Mama akavuta. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na siku hiyo hakuchelea kitu. Walianguka wote wawili, wakaburuzana mpaka barabarani.

Sauti ilipokuja haikuwa kubwa kama alivyodhani. Ilianza kama boksi la karatasi likitua, puu, halafu halikuacha kutua. Mlango ukatapika vumbi jeupe. Madirisha ya mbele yalibaki palepale, mazima, na nyuma yake ngazi zote zilikuwa zimeporomoka.

Watu walikimbia, kisha wakarudi, wakasimama. Hakuna aliyecheka. Binti alikaa chini barabarani, nywele zimejaa vumbi, anaangalia mlango aliokuwa ameuvuka kwa mguu mmoja.

"Mama," alisema mwishowe. "Niachie sketi."

Mama Vituko akaviangalia vidole vyake. Alivituma vifunguke, havikutii.

"Bado," alisema. "Kaa kidogo hivyo hivyo."

Binti akakaa.