Moshi wa Awiti na Manowari ya Mzee Okeyo

Mwaka wa sitini na tisa, moshi wa Awiti, mkaanga samaki wa Kisumu Ndogo, ulimtoa Mzee Okeyo nyumbani mbio. "Punguza moshi! Adui ataona!"

Ujanani, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, mzee alikuwa akitia makaa kwenye tanuri la manowari ya Wafaransa.

Awiti akacheka. "Jaduong', mzee wangu, na nyinyi mlizamisha meli ngapi?"

"Hata moja. Tulisindikiza meli za mizigo miaka mitatu, kisha vita vikaisha, manowari yetu ikakatwakatwa, ikauzwa kama vyuma chakavu."

"Sasa ilikuwa na kazi gani?"

Mzee akainama kwenye jiko la Awiti, akapanga makaa upya moja moja mpaka moshi ukaisha.

"Tulizosindikiza zilifika zote. Haya, weka samaki."