Dawa ya Angani Haikumkuta Mama wa Picha

Jumanne asubuhi nilikuwa kwa fundi cherehani pale Makadara, Mombasa, nimenyoosha mikono napimwa kanzu, simu ikalia. Alikuwa mdogo wa kike wa rafiki yangu mmoja. "Kaka, dada ametutoka alfajiri," akasema. Fundi akaushusha utepe wake akaniuliza kulikoni. Nikamwambia amefariki yule mama wa eksirei wa zahanati ya hapo nyuma. Fundi akavuta kigoda akaketi. "Mama wa Picha? Si ndiye aliyempiga picha mke wangu?" Hakuendelea kunipima, wala mimi sikumwomba aendelee.

Wengi wenu mnaosoma safu hii hamkumjua. Alizaliwa milimani Taita, akaja Mombasa kijana kusomea upigaji wa eksirei, akabaki. Aliishi Tudor na huyo mdogo wake, na watu wa Mji wa Kale walimzoea hata wakasahau kwamba si wa hapa. Mimi na yeye tulijuana kwa ugomvi. Nilikuwa nimeandika hapa nikiyakejeli makampuni ya kibinafsi yanayorusha roketi, ilhali hospitali zetu hazina hata glavu. Siku ya pili yake akanijia ofisini, gazeti kwapani, hata kiti hakukitaka. "Ndugu mwandishi, umeandika vizuri, lakini umeandika usichokijua." Akanieleza kwamba makampuni hayo hukodi nafasi kwenye vituo vinavyoizunguka dunia ili kukuza fuwele za dawa, chembe kama za chumvi, kwa kuwa huko kusiko na uzito fuwele huwa ndogo na za kulingana, na dawa nyingi huenea katika maji kidogo. Dawa ambayo leo mgonjwa hutundikiwa mshipani kwa saa kadhaa yaweza kufupishwa ikawa sindano moja ya chini ya ngozi. "Kuna mama hapa Makadara husafiri mpaka Nairobi kutundikiwa dawa kutwa nzima," akasema. "Ikiwa sindano, muuguzi wetu atamdunga hapa hapa, kisha arudi nyumbani akapike. Sasa niambie, hiyo roketi haimhusu?" Nikamwagizia kahawa, na tangu siku hiyo tukawa tukizungumza.

Zahanati yao ilipoletewa programu ya akili unde ya kusoma picha za vifua, wenzake waliogopa kwamba watafukuzwa kazi. Yeye aliichukua kama mfanyakazi mgeni: akaikagua, akabishana nayo, akaisifu ilipostahili. Kuna mchukuzi wa bandarini ambaye kompyuta ilimpitisha kuwa mzima, lakini Mama wa Picha alikuwa amemwona akivaa shati kwa kuinamia upande mmoja, akakataa kumruhusu aondoke mpaka daktari amwone tena. Mbavu zilikuwa na ufa. Lakini kisa kilichonifanya nimheshimu ni kile ambacho yeye ndiye aliyekosea. Ajuza mmoja wa Ndia Kuu, Mji wa Kale, alipigwa picha kabla programu haijafungwa, akaambiwa kifua chake ni kisafi. Siku chache baadaye programu ikapitishwa kwenye picha za siku za nyuma, ikachora duara dogo chini ya mfupa wa bega, mahali ambapo wala Mama wa Picha wala daktari hawakuwa wameona kitu. Nambari ya simu ya yule bibi haikuwa ikipatikana. Mama wa Picha akatoka kazini na bahasha mkononi, akanipigia kwa kuwa anajua nimezaliwa mtaa ule, tukaenda tukiuliza duka kwa duka hata tukampata, juu ghorofani, anachambua mchele.

"Ndoo ukae, mwanangu," bibi akamwambia kwa Kimvita chake, akimwonyesha mkeka. "Kwani yeo kuna nini hata nikafuatwa nyumbani?"

"Bibi, nilikwambia kifua chako kisafi. Nilikosea. Kompyuta imeona kitu ambacho mimi sikukiona. Nimekuja kukuomba radhi, na kukuomba uje kesho upimwe makohozi."

Bibi akaacha mchele akamtazama. "Ungalinyamaza, nani angalijua?"

"Kifua chako kingejua, bibi."

Ajuza alicheka mpaka akakohoa. Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu, ungali mchanga. Alimeza dawa zake miezi yote aliyoambiwa, akapona.

Mwaka jana Mama wa Picha mwenyewe akaanza kukohoa. Akaingia chumba kile kile, akamwachia mwenzake kazi ya kubonyeza, na kompyuta ikachora duara kwenye pafu lake. Alinipigia akanieleza kwa sauti yake ya kazini: upande gani, ukubwa gani. Saratani, naye maishani hakuwahi kugusa sigara. Akawa sasa yeye ndiye anayepanda gari la moshi kwenda Nairobi kutundikiwa dawa, na kurudi akiwa hawezi kupanda ngazi za nyumbani kwake bila ya kushikwa mkono. Ile dawa ikafanya kazi kwa muda, kisha ikashindwa. Kulikuwa na nyingine, ya kampuni mojawapo ya zile zilizopeleka fuwele zao angani, ingali inajaribiwa kwa wagonjwa. Akawaandikia. Walimjibu kwa adabu nyingi kwamba majaribio yanafanyika katika nchi chache tu, na yetu haimo.

Alinionyesha barua hiyo kwake Tudor, amejifunga leso mabegani na jua linawaka nje. Nikatafuta la kusema. "Angalau, dada, kuna watakaofaidika baadaye."

"Kaka, usinipe maneno ya matangani ningali hai," akasema. "Naitaka mimi. Sijatosheka kuishi. Wenye kampuni nimewaelewa, na kule kuwaelewa ndiko kunakoniuma." Akaikunja barua polepole. "Andika. Andika kwamba na sisi tuna vifua. Wanapochagua pa kujaribia dawa, mtu awaambie kwamba tupo. Nataka niisome kabla sijaenda."

Nikamwahidi kuwa ataisoma wiki ile ile. Wiki ile kukazuka zogo la kisiasa, mhariri akataka niandike juu ya hilo. Iliyofuata nikaandika juu ya maji. Kisha juu ya barabara. Kila mara nilijiambia kwamba jambo lake ni zito, lahitaji nafasi na utulivu, na kwamba nitalifanya vizuri zaidi wiki ijayo.

Tulimzika kwao Taita, kwenye mteremko, mvua nyepesi ikinyesha na kwaya ya kanisa ikiimba. Baada ya mazishi mdogo wake alinishika mkono kunishukuru kwa kufika. Akaniambia, bila ya ubaya wowote, kwamba kila Jumamosi dada yake alimtuma gazeti, akalifungua moja kwa moja kwenye ukurasa huu, akasoma mpaka mwisho, akalikunja. "Alikuwa akisema labda wiki ijayo."

Sina la kujitetea. Wenye elimu wameweza kuipandisha dawa juu ya mawingu na kuirudisha salama, na wameweza kuifundisha mashine kuona doa ambalo jicho lililozoea limelipita. Sitayakejeli tena hayo. Yaliyobaki yote ni kazi ya watu: kuiandika nchi yetu kwenye orodha, kuukodolea macho mwili wa mchukuzi anapovaa shati, kupanda ngazi za Ndia Kuu na kusema nilikosea. Mama wa Picha aliifanya sehemu yake siku ile ile ilipomfikia. Mimi niliombwa safu moja tu. Mgonjwa akikuomba jambo lililo ndani ya uwezo wako, lifanye kabla jua halijatua. Dawa yake huenda ikachelewa kwa sababu usizoziweza. Wewe usichelewe pia.