Mume wangu alizipaka nano khanga zangu za kujifungulia

Wakuu, heshima kwenu, na wadada wote wa humu.

Ninachoandika kimenitokea mwenyewe, na shahidi wangu amelala hapa pembeni ananyonya kidole. Asiyeamini asome tu kama hadithi.

Mume wangu ana kijiwe karibu na stendi ya Mbezi. Kazi yake ni kupaka nano. Kwa msioijua, ni dawa inayopuliziwa kwenye vioo vya mabasi, viatu, viti vya magari. Ikikauka, maji hayashiki tena, yanajikunja matone na kuteleza. Ya kwake inasifiwa pia kwamba inazuia bakteria na fangasi.

Aisee, yule mwanaume na nano yake! Mgeni akija nyumbani anapuliziwa kiatu na kumwagiwa maji juu yake kabla hajakaribishwa kiti.

Basi, mimba ikafika miezi ya mwisho, nikaanza kukusanya vitu. Wenye watoto mnajua, leba huendi bila khanga. Ndizo za kumfutia mtoto, kumfunika, na kukusitiri wewe mwenyewe. Nilinunua doti mbili, nikazifua na kurudia mpaka wanga wote ukatoka, maana khanga mpya hainyonyi maji vizuri.

Mama yangu alikuja kutoka Masasi kunisaidia. Akaja na khanga yake moja kuukuu, imefuliwa mpaka maandishi hayasomeki. Akasema ndiyo iliyonipokea mimi.

Mbele ya mkwe wake mume wangu hakutia neno. Chumbani ndiyo akaanza.

"Mke wangu, ile khanga ina vijidudu vya tangu enzi. Sie mtoto wetu apokelewe na ile?"

"Kwani wewe ulipokelewa na zulia?"

Akanuna. Nikadhani yameisha.

Uchungu ulinishika asubuhi nikiosha vyombo. Nilijifunga ile khanga ya mama kifuani kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu, na ni laini. Mume wangu akabeba begi, tukaenda.

Sitawachosha na ya leba. Mtoto akatoka.

Kimya.

Wakuu, ule ukimya naogopa hata kuukumbuka.

Nesi akachukua khanga kwenye begi langu, akaanza kumfuta. Anafuta, anafuta. Nikiwa pale kitandani naona maji yanakimbia juu ya kitambaa, matone matone, yanarudi mgongoni kwa mtoto.

"Mama, si mliambiwa mzifue hizi?"

"Nimezifua, nesi! Wallahi nimezifua!"

Akaitupa, akavuta nyingine. Yaleyale. Akavuta ya tatu.

"Zimepakwa nini hizi? Hazishiki maji!" Akamfokea mwenzake akimbie akalete kitambaa kikavu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Yale matone nayajua. Nimeyaona kwenye viatu vya kila mgeni wangu.

Baadaye nilielezwa kwamba mtoto akizaliwa akabaki na maji mwilini anapoa haraka, na kule kusuguliwa ndiko kunakomshtua avute pumzi. Wakati ule sikujua hayo. Nilichoona ni miguu ya mwanangu inabadilika rangi na mikono ya nesi inateleza. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Nikaivuta khanga ya mama kifuani, nikabaki kama nilivyozaliwa.

"Nesi, hii! Chukua hii!"

Ikalowa papo hapo. Akamsugua mgongo, akageuza upande mkavu, akasugua tena. "Lia, baba. Lia, baba."

Kikatoka kikohozi kidogo. Halafu kilio. Na mimi nikalia kumshinda.

Baba mtu aliporuhusiwa kuingia, alikuja anatabasamu. "Umeziona khanga? Nilizipulizia siku ile uko kliniki, nikasema nikufanyie sapraizi. Hakuna kijidudu kitakachomgusa mtoto."

Sikuwa na nguvu ya kumpiga. Nesi alichota maji kwenye kikombe, akayamwaga juu ya khanga mbele yake, vilevile kama yeye anavyowafanyia wageni. Yakateleza yakamwagikia viatu vyake.

"Haya, baba. Mfute mwanao na hii."

Mume wangu akaitazama khanga, akamtazama mtoto, akaketi sakafuni.

Wakuu, sisemi nano ni mbaya. Kwenye kioo cha basi mvua ikinyesha, dereva atakushukuru. Ila si kila kinachozuia maji kina faida, na kinachosifiwa kuua vijidudu hakifai kila mahali. Kitu cha mtoto mchanga usikiguse kabla hujamuuliza nesi.

Mama tulimweleza yote. Hakumsema mkwe wake hata kidogo. Alichukua khanga yake akaenda kuitia kwenye beseni. Mume wangu akamfuata uani.

"Shikamoo, mama. Naomba niifue mimi."

Mpaka leo anaifua yeye, kwa mkono. Sasa hivi mawingu yametanda, ameacha simu inaita, amekimbia kuianua.

Wenzangu, nyie leba mlibeba khanga mpya au kuukuu? Na akina baba, mlituharibia nini kwa mapenzi? Semeni tu, leo sina hasira.