Akina Waridi wa Mkolani

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga chumba kimoja Mkuyuni. Mama mwenye nyumba alikuwa na mche wa waridi alioupanda kwenye ndoo ya rangi, kando ya mlango wake, na watoto wote wa pale uani walikatazwa kuugusa. Mume wangu alikuwa fundi wa injini za boti. Jioni moja alikuwa ananawa grisi mikononi, akaliangalia ua lililokuwa limechanua siku hiyo, akasema tukipata binti tumwite Waridi.

Nililipenda papo hapo, na nilikuwa na sababu. Bibi yangu mzaa mama aliitwa Roza, na kwetu binti wa kwanza angetakiwa kumrithi. Lakini Roza lilikuwa limeshakuwa jina la wazee. Ukilisikia tu unamwona mama mwenye kitambaa kichwani ametangulia kwenye benchi la mbele kanisani. Waridi lilikuwa jina lilelile kwa Kiswahili, ila jipya. Bibi angeridhika, padri asingekuwa na la kusema, na mtoto angekuwa peke yake darasani mwenye jina hilo. Tukaanza kulitumia kabla hata ya mimba. Tulipopata kiwanja Mkolani na kujenga, chumba cha nyuma tulikiita chumba cha Waridi. Mume wangu alipoleta kitambaa kizuri, alisema hiki tumwekee Waridi.

Waridi hakuja. Tulizunguka hospitali, tukaambiwa tusubiri, tukasubiri. Hatukugombana. Kazi za mume wangu zilianza kumpeleka ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, kwenye mialo ya wavuvi ambako injini ziliharibika kila siku. Akawa anakaa wiki, kisha wiki tatu, kisha akawa anapiga simu tu. Baadaye na simu zikakoma. Mwanamke mmoja anayeuza dagaa sokoni ndiye aliyeniambia kwamba amemwona Kamanga, na kwamba ana mke na mji wake kule. Sikwenda kuhakikisha. Feri inavuka kwa muda wa mimi kupiga pasi mashati machache, lakini sikwenda.

Nikabaki na nyumba ya Mkolani na cherehani yangu ya sokoni Mkuyuni. Mtaani kwetu kila mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi nilikuwa fundi. Wapangaji waliniita mama mwenye nyumba. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya, ila unaweza kupita mtaa mzima ukasalimiana na watu kumi, ukafika nyumbani ukiwa bado fundi tu.

Chumba cha nyuma nilikipangisha kwa msichana mmoja aliyekuwa mjamzito. Mume wake alifanya kazi migodini Geita na alikuja mwisho wa mwezi. Tulizoea kupika pamoja, kwa kuwa sufuria mbili za watu wawili ni kupoteza mkaa. Jioni moja tulikuwa tunachambua mchele, akanieleza kwamba jina limewashinda. Mume wake alikuwa anamtumia majina aliyoyaokota kwenye simu, na mengine hata yeye mwenyewe hakuweza kuyatamka. Kisha akaniuliza, "Dada, wewe ungepata binti ungemwita nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia. Akalirudia mara mbili tatu huku anaupepeta mchele, kama mtu anayeonja chumvi, na mazungumzo yakahamia kwingine.

Alipotoka hospitali na mtoto wa kike, alikuja moja kwa moja mlangoni kwangu kabla ya kuingia kwake. "Nimelichukua, dada," alisema. "Usinikasirikie."

Nilimjibu kwamba jina halina mwenyewe. Nikampakata mtoto, nikamsifia, nikawawekea maji ya kuoga jikoni. Halafu nikaingia chumbani kwangu, nikakaa kitandani na ndala zangu miguuni mpaka niliposikia maji yanachemka.

Kwa ajili ya ubatizo nilimshonea yule mtoto blanketi jeupe, nikadarizi jina lake pembeni kwa uzi mwekundu na ua moja chini yake. Mama yake akapiga picha, akaituma kwa wenzake kwenye simu. Wiki iliyofuata wanawake wawili wa jumuiya yetu ya kanisani walinifuata sokoni wakitaka blanketi kama lile. Mmoja alikuwa na jina lake tayari. Wa pili hakuwa na jina, akasema niandike hilohilo Waridi, maana limempendeza. Baada ya hapo waliendelea kuja, na wengi walichukua blanketi na jina kwa pamoja.

Niliwasikiliza sana wakitoa sababu zao. Mmoja alisema ni jina fupi, mwalimu hawezi kulikosea. Mwingine alisema amechoshwa na majina ambayo bibi wa mtoto hawezi kuyaita. Kulikuwa na jirani yetu Mwislamu na rafiki yake wa kanisani, walijifungua karibu siku moja, na wote wawili walilitaka. Ua halina dini, walisema. Wazee wa Kisukuma walilitamka Walidi, na hata hiyo iliwafurahisha mabinti zao, kwa sababu lilisikika kama jina la kubembelezea. Nilidarizi jina hilo mara nyingi kiasi kwamba sikuhitaji tena kulichora kwa chaki kwanza. Niliwapongeza wote. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza lilianzia wapi.

Siku moja mpangaji wangu aliamka na homa, na ilikuwa siku ya kliniki ya mtoto. Nikajitolea kumpeleka. Nilimbeba mgongoni, kadi mkononi, nikakaa kwenye benchi kati ya wanawake wenye umri wa kuwa wanangu. Nesi akatokeza mlangoni akaita, "Mama Waridi."

Nikasimama. Sikufikiri, nilisimama tu, kama mtu aliyeitwa. Na wanawake wengine wawili wakasimama. Benchi zima likacheka, nesi naye akacheka, akauliza ni Waridi yupi mwenye kadi hii, akasoma jina la baba. Alikuwa wangu. Aliponiuliza mtoto ananyonyaje, ilibidi nimwambie kwamba mimi si mama yake, mimi ni mwenye nyumba wao. Alisema "aa, sawa," akampima mtoto uzito, akaandika. Wakati wa kurudi nilipita njia ya nyuma ili nisikutane na mtu wa kusalimiana naye.

Mtoto alipoanza kutembea, baba yake alipata nyumba Geita akawachukua. Tuliagana vizuri. Kwa miezi ya kwanza yule msichana alinitumia picha, kisha akapata majirani wengine. Kile chumba sikukipangisha tena. Niliacha kupika chakula cha jioni, nikawa nakunywa chai na mkate uliobaki asubuhi.

Mwishoni mwa mwaka huo, asubuhi ya manyunyu, mwanamume alisimama mbele ya cherehani yangu sokoni akiwa amemshika mkono mtoto wa kike. Nilimtambua mume wangu kwa namna alivyosimama, bega moja limeshuka, kabla ya kumwangalia usoni. Ndevu zilikuwa zimeota mvi. Mtoto alikuwa na kama miaka mitano.

"Shikamoo, mama mkubwa," mtoto alisema.

Hilo alikuwa amefundishwa, labda kwenye feri. Nikamwitikia marahaba. Nikamwuliza jina lake kama ninavyomwuliza mtoto yeyote wa mteja, naye akalitaja kwa sauti kubwa.

Nilihesabu miaka kimoyomoyo. Mtoto huyu alikuwa amewatangulia wote: wa mpangaji wangu, wa jumuiya, na wale wa kwenye benchi la kliniki. Wakati mimi namtajia yule msichana jina hilo kama siri yangu, ng'ambo ya pili lilikuwa linaitwa kila siku.

"Nilitaka ulisikie kwangu," mume wangu alisema.

Nikamwuliza kwa nini alichagua hilo, katika majina yote.

"Sikuwa na lingine," alijibu. "Miaka yote ile tulikuwa na hilo moja."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaweka kwa ajili ya siku nitakayomwona. Lakini mtoto alikuwa ameshasogea kwenye cherehani, anakitazama kipande cha kitambaa chini ya sindano, na alikuwa na paji la uso pana la mama mkwe wangu. Baba yake alisema ataanza shule ya awali mwezi wa kwanza, na hana sare. Nikachukua futi yangu ya kamba. Nikamwambia mtoto anyooshe mikono, kisha ageuke. Mgongo wake ulikuwa na joto. Niliandika vipimo, nikawaambia wapitie mchana, na walipopitia ilikuwa tayari. Walienda kuwahi feri, mtoto ameikumbatia sare ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowane.

Jumapili mbili baadaye, mchana, simu yangu iliita kwa namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya mwanamke. Alijitambulisha kuwa ni mama yake Waridi wa Kamanga, akanishukuru kwa sare. Imemkaa mtoto vizuri na hataki kuivua. Tulisalimiana kirefu, afya, mvua, mihogo. Kisha akauliza hilo jina mume wake alilitoa wapi, maana kila akimwuliza anasema alilipenda tu.

Ningeweza kumwambia hata mimi sijui.

"Tulilichagua pamoja," nilimwambia. "Tulikuwa tunamngojea wa kwetu."

 Nyuma yake nilisikia kuku, na mtoto akiimba kitu. "Pole, dada," alisema mwishowe, taratibu. Nikamwambia ahsante, asalimie watoto.

Hajapiga tena, na mimi sijapiga. Namba yake nimeihifadhi kwenye simu, na nilipotakiwa kuandika jina, niliandika Mama Waridi.