Liwa Kwenye Matundu ya Gari

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, joto palepale.

Mwanangu kamwaga juisi ya ukwaju kwenye matundu ya upepo ya gari. Nimemfokea, labda kupita kiasi, maana kikombe juu ya dashibodi nilikiweka mimi. Nilipofunga pamba kwenye kijiti cha chelewa nichokonoe, nikakumbuka liwa ya utotoni.

Alasiri ile baba alikuwa ampeleke shangazi, bibi harusi, kwa mumewe, kijijini Zinga. Nilikuwa nimeona kila kitu cha harusi kikitiwa manukato, basi gari nalo nikalishindilia liwa ya shangazi, ule msandali uliosagwa na marashi, kwenye matundu matatu. Baba alipowasha feni, ikamrukia kwenye kanzu.

"Mtoto wewe, umefanya nini?"

Nilidhani amekasirika kwa sababu tundu la nne nimelisahau. Nikakimbia kulijaza.

Tulichokonoa, feni ikatema tena, tukachokonoa. Shangazi akachoka kungoja. "Kaka, twende hivyo hivyo. Wataisikia harufu yangu tangu njiani." Baba hakucheka wala hakunisemesha mpaka Zinga, nami nikaamini ndoa nimeivunja. Shangazi ana wajukuu sasa.

Mwanangu naye hajasema neno tangu mchana. Jioni tumekula muhogo wa nazi na papa mkavu. Nikampakulia yeye kwanza, nikamwambia kikombe nilikiweka mimi pale.