Severina na Msitu wa Bartholomeo

Wageni wakisikia habari za kikosi cha moto cha kijiji kile kilicho nyuma ya mji wa Mafinga, hudhani kilizaliwa kwa huruma. Severina, aliyekianzisha, hakuwahi kuwasahihisha. Kilizaliwa kwa kisasi.

Mumewe, Danieli, baba wa binti yao Eveline, aliteketea Oktoba moja ya upepo mkali, akijaribu kuokoa misonobari yao michanga. Moto ulitokea kwa jirani yao, Mzee Bartholomeo, aliyechoma mabua shambani bila kumwarifu mtu. Kijiji kizima kiliona moshi ulikoanzia. Lakini kwenye mkutano Bartholomeo, mzee wa kanisa mwenye ulimi laini, alisema ni warina asali waliopita njia, na wajumbe wakaitikia. Severina hakubisha. Alirudi nyumbani na moyo umekazwa kama mzigo wa kuni, akaapa kwamba mzee yule atauonja moto kabla hajafa.

Alianza na shoga yake Bertha na wajane wawili, wakipiga moto kwa matawi mabichi. Watu waliwacheka. Kiangazi kilichofuata wakauzima moto ulioshika paa la shule, na kicheko kikaisha. Maseremala wakajiunga, kisha Vitus, mkata magogo. Wakajifunza kufyeka njia za kuzuia moto, kumchomoa dereva aliyebanwa chini ya lori la mbao, kuvusha wagonjwa mto ulipofurika. Severina akawa kiongozi wao. Wengi walimwombea baraka. Yeye, akijilaza, hakuwafikiria aliowaokoa. Aliifikiria misonobari ya Bartholomeo, ikinenepa kilimani mwaka hadi mwaka, huku ya Danieli ikiwa visiki. Kila kiangazi aliweka zamu ya ulinzi mahali panapotazama shamba lile, akitaraji kumkamata na kiberiti mkononi. Mzee hakuchoma tena hata jani.

Ndipo mwaka jana moto ukapanda kutoka bondeni, ukielekea makazi. Kikosi kilikimbilia kilimani. Palikuwa na mahali pawili pa kuusimamishia. Pa kwanza ni kijito kilicho chini ya nyumba. Pa pili ni ukingo wa msitu wa Bartholomeo: wauchome wenyewe kabla, ili moto ukifika ukose cha kula.

Vitus alisema kijito kinatosha, watu wapo na upepo umelegea.

“Hapa,” alisema Severina. “Tunachoma hapa.”

Bartholomeo alikuja akihema, fimbo imemwanguka njiani. Alipiga magoti chini mbele ya kikosi chote.

“Mama Eveline, nakuomba. Miti hii ndiyo uzee wangu.”

“Sema nani aliwasha moto ule.”

“Ni mimi,” alisema mzee. “Nilimwona Danieli upande wa pili wa moto. Niliogopa, nikakimbia.”

Bertha alianza kulia. Vitus alimshika Severina mkono, akidhani kwamba sasa imetosha, kwamba neno hilo ndilo alilokuwa akilitafuta. Hata yeye mwenyewe alikuwa amedhani hivyo miaka yote. Lakini aliposikia kwamba Danieli alionwa, akaachwa, kitu kilichokuwa kimelala ndani yake kiliinuka. Akauchomoa mkono wake, akainama, akawasha majani makavu.

Msitu ulinguruma. Moto wa bondeni ulifika, ukakuta majivu, ukafa. Hakuna nyumba iliyoungua. Mwenyekiti wa kijiji alimshukuru Severina hadharani.

Vitus alisubiri watu watawanyike. “Kijitoni tungeweza,” alisema.

“Najua.”

Wiki ile kikosi kilikaa kikao, kikamvua uongozi, kikampa Vitus. Hakuna aliyemweleza mwenyekiti sababu, wala aliyemtetea. Severina alikabidhi filimbi ya kiongozi, akaomba abaki kama mzima moto wa kawaida. Walikubali, kwa kuwa mikono ilihitajika. Tangu hapo Bertha humsalimia kwa mbali.

Usiku alilala, na usingizi ulikuwa mtamu. Hilo hakulificha kwa yeyote aliyemuuliza.

Kiangazi hiki mwanachama mpya amejiandikisha: Gideoni, mtoto wa kwanza wa Bartholomeo, mwanamume mpole anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao mjini. Aliomba mwenyewe apangwe mstari mmoja na Severina. Hufika mapema na husema machache. Wanapozima moto, humtangulia mama yule kila mara, halafu hugeuka kutazama alipo. Vitus, akihofia kisasi, amemshauri Severina ahame mstari.

Severina amekataa.